Swali la wiki: Kwa nini sangria yangu ina ukakasi?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nipo kaunta ya hoteli ndogo huku Paje, Zanzibar. Juzi tulipata wageni wa Uhispania, nikaona niwafurahishe kwa sangria, mvinyo mwekundu uliochanganywa na matunda. Nilichukua chupa ya Rioja, mvinyo mwekundu wa Uhispania, iliyoandikwa Reserva, nikatia machungwa na maganda yake, mdalasini, sukari na soda, nikailaza kwenye friji hadi mchana wa pili. Walionja wakaacha glasi zimejaa. Nilipoonja mwenyewe, ulimi ulikakamaa kama nimetafuna pera bichi. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba kwao wakati wa joto wanaagiza zaidi “tinto de verano”. Nimekosea wapi, na hicho kinywaji ni kipi?

JIBU: Salama, mdogo wangu. Hilo pera bichi ulilolitaja ndilo jibu lenyewe. Kinachokausha ulimi ni tanini, na mvinyo mwekundu unayo kwa wingi kwa sababu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu. Mti wa pipa nao huongeza yake. Sasa, Reserva ya Rioja kwa sheria ya Uhispania hukaa angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, na mmoja kati ya hiyo ni ndani ya pipa la mwaloni. Ni mvinyo wa kunywa taratibu na nyama ya kondoo, bila barafu. Ukiupoza sana, harufu inalala, utamu unafifia, halafu uchungu na ukakasi vinajitokeza mbele. Kwa hiyo ulilipa bei kubwa ili upate kinywaji kibaya zaidi. Usione haya, nami nilianza hivyo hivyo.

Tafuta chupa ya bei nafuu iliyoandikwa Joven, yaani mvinyo mchanga ambao haukukaa kwenye pipa au ulikaa kidogo tu. Zabibu za aina ya Tempranillo au Garnacha zinafaa. Ukiwa na mvinyo mwekundu wa Dodoma, usiukatae kabla ya kuujaribu: mimina kidogo kwenye glasi, weka kwenye friza dakika 20, kisha onja. Ukiteleza kooni bila kukwaruza, huo unafaa. Ukiwa mtamu tayari, acha sukari kabisa.

Kosa la pili ni maganda. Ule utando mweupe chini ya ganda la chungwa ni mchungu, na usiku kucha ndani ya pombe unatosha kuutoa uchungu wote. La tatu ni soda: kufikia mchana gesi ilishatoka, ukawapa wageni maji ya sukari.

Kwa chupa moja ya mililita 750, mimi hufanya hivi. Chungwa moja na nusu limau nakata vipande vyembamba, na tofaa moja vipande vidogo. Sukari sitii kavu, maana kwenye kitu cha baridi haiyeyuki bali hujikusanya chini ya jagi. Nachemsha sukari na maji sawa kwa sawa, naacha ipoe, natia mililita 60. Naongeza juisi ya chungwa mililita 100 na brandi mililita 50. Friji saa mbili au tatu, basi. Mdalasini ukiutaka, kijiti kimoja, ukitoe kabla ya kupeleka mezani. Soda ya maji, mililita 250 hivi, inaingia mgeni akishakaa.

Hesabu pia kilevi. Kwa mvinyo wa asilimia 13, jagi hilo linakaribia asilimia 10 kabla ya barafu kuyeyuka, na utamu wa matunda unaificha. Mgeni aliyetoka juani hunywa kama juisi. Mwambie mapema.

Tinto de verano, maana yake “mwekundu wa kiangazi”, ni rahisi kuliko hayo yote. Nusu mvinyo, nusu gaseosa, ambayo ni soda nyeupe yenye utamu kidogo. Husimuliwa kwamba ulianzia Córdoba mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mwenye mgahawa aliyeitwa Vargas. Kule Andalusia, kusini mwa Uhispania, ambako Julai joto la Sevilla hupita nyuzi 40, mtu huagiza “con casera” akitaka soda nyeupe, au “con limón” akitaka ya limau. Wewe huna gaseosa, lakini Sprite nusu na soda ya maji nusu inakaribia sana. Jaza glasi ndefu barafu hadi juu, kwa vipande vikubwa maana vidogo huyeyuka haraka. Mvinyo kwanza, soda juu yake, koroga mara moja tu, kipande cha limau, peleka. Kilevi chake ni kama asilimia 6.5, na kazi yote haifiki dakika moja.

Wakija vijana wa upande wa Basque, kaskazini mwa Uhispania, huenda wakakuomba kalimotxo: mvinyo na Coca-Cola nusu kwa nusu. Usicheke. Inasemekana jina hilo lilizaliwa mwaka 1972 kwenye sherehe za Algorta, huko huko Basque, baada ya waandaaji kugundua mvinyo wao umeharibika. Hapo chupa ya bei ya chini kabisa inatosha.

Ile Reserva, kama imebaki nyingine, ihifadhi ikiwa imelala mahali pa giza penye ubaridi, umuuzie anayeagiza nyama.