Shangazi, mume wangu amenuna kwa sababu ya tamthilia

Barua ya wiki hii imetoka Lamu, mtaa wa Langoni. Nimeikata kidogo maana ilikuwa ndefu kama episodi yenyewe:

"Shikamoo shangazi. Mimi nina miaka 29, mume wangu ni nahodha wa boti ya uvuvi, akitoka hukaa baharini siku nne tano. Tangu tuoane kuna kitu chetu sisi wawili, akirudi tunakula, watoto wakilala tunaweka tamthilia ya Kituruki, hizi zilizotiwa sauti za Kiswahili, tunaangalia mpaka usingizi utushinde. Tulikubaliana hakuna kutangulia. Sasa shangazi hii ya mwaka huu nilishindwa, nikaifuata YouTube kwa simu nikaimaliza yote. Akirudi naangalia naye tena pale alipoachia, akishtuka nashtuka, hata siku kaka mkubwa wa kwenye hadithi alipokufa nililia na yeye akanifuta machozi. Nimo kwenye grupu ya WhatsApp ya mashabiki, huko ndiko napiga domo langu. Juzi jamaa akamwambia barazani pale Mkunguni, mbele ya watu, 'mkeo profesa bana, mwisho wote ametuhadithia yeye.' Tangu siku hiyo ni wiki sasa, hasemi na mimi ila salamu na chakula. Runinga haiwashwi. Nikamwambia ni filamu tu, akanijibu 'nenda kaangalie na hao wenzio.' Je nitoke kwenye grupu? Na kweli hili ni kosa la kununiwa wiki nzima? Mke wa Nahodha.
N.B. Kuna kaka mmoja wa Malindi kwenye grupu tunatumianaga voisnoti inboksi usiku tukimaliza episodi, lakini ni mambo ya tamthilia tu."

Marahaba mwanangu. Nilipoanza kusoma nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, nikasema huyu nahodha naye ana mambo, anapambana na mawimbi huko nje halafu anashindwa na Waturuki. Nilipofika kwenye machozi nikaacha kucheka.

Tuanze na jepesi. Kutangulia si dhambi. Mume hayupo siku tano, watoto wamelala, bando linaisha saa sita usiku na episodi imekatwa pale mlango unapofunguliwa na hatujaonyeshwa ni nani, nani angevumilia? Mimi nisingevumilia. Na wala sikubaliani na hawa vijana wa siku hizi wanaofanya mtu akisema nani amekufa ni kama ameua yeye. Sisi tulipokuwa wadogo Mombasa, kabla KTN haijaanza 1990, stesheni ilikuwa moja na runinga ya mtaa ilikuwa moja, ya jirani, tunajazana kwenye mkeka kumwangalia Mzee Ojwang na Mama Kayai, wale wachekeshaji wa Vitimbi, na ukikosa umekosa, hakuna kurudisha nyuma. Kesho yake unamfuata mwenzio unamwomba akuhadithie na anayehadithia vizuri anapendwa mtaa mzima, hata akiongeza chumvi zake. Halafu akaja DJ Afro na filamu zake, anaongea juu ya picha mwanzo mpaka mwisho na watu hawabanduki. Kujua kinachokuja hakujawahi kuharibu utamu wa hadithi kiasi hicho.

Kwa hiyo sidhani mumeo amenuna kwa sababu ya mwisho wa tamthilia. Mwisho angeujua tu.

Mwanangu, ulilia. Kaka mkubwa alikufa kwenye simu yako wiki kadhaa nyuma, ukamlilia huko, ukaandika kwenye grupu, mkapeana pole na emoji zenu, halafu mumeo karudi na harufu ya samaki na mikono imechubuka kwa kamba, mmekaa, kaka akafa tena na wewe ukatoa machozi mengine, na yeye maskini akakufuta. Sasa rudi ukae alipokaa yeye pale Mkunguni, kahawa mkononi, anaambiwa mbele ya watu kwamba mkewe alishamaliza zamani. Unafikiri kichwani mwake kulipita nini? Kila kicheko, kila "yallah!" uliyopiga ukimshika mkono, anaanza kukihesabu kipi kilikuwa cha kweli. Na watu wa barazani wanajua, watu wa grupu wanajua, hao hawajui hata anakaa upande gani wa kochi lakini wanajua mambo ya nyumbani kwake kabla yake. Wewe unamwambia ni filamu tu. Usilirudie hilo neno tafadhali.

Nije kwenye N.B. Mimi barua zenu nazisoma kuanzia chini, miaka hii yote nimejifunza, mtu akiwa na jambo haliweki juu, juu anaweka salamu na historia, lenyewe analichomeka chini baada ya jina lake kama mtu anayesahau mwavuli mlangoni. Nakuamini kwamba na huyo kaka wa Malindi ni tamthilia tu. Sina shaka kabisa. Lakini angalia vizuri ulichokiandika, "usiku tukimaliza episodi." Tukimaliza. Yaani mnaangalia pamoja, yeye kule na wewe huku, saa ileile, mkimaliza mnaambiana. Ile ndiyo nafasi ya mumeo. Hajachukua kitu kingine, amechukua nafasi ya kochi, na mumeo bila hata kujua kama huyo mtu yupo alishaisikia, ndiyo maana hakusema "nenda kaangalie peke yako", alisema nenda kaangalie na wenzio. Kwa hiyo voisnoti za inboksi ziishe leo. Usimwandikie waraka wa kuagana, haina haja, akituma jibu lako litokee kwenye grupu mbele ya wote, siku mbili tatu ataelewa, na asipoelewa basi hapo tena hatuzungumzii Waturuki.

Grupu usitoke. Ukitoka sasa hivi utakaa na kinyongo na siku moja utamrudishia kwamba "mimi niliacha grupu kwa ajili yako." Inyamazishe tu, mlio wake usisikike usiku mumeo akiwa nyumbani, na uwe na adabu ya kuhadithia. Grupu moja ya WhatsApp inaingia mpaka watu 1,024, wewe unafikiri unaongea na mashabiki kumbe mmoja wao ndiye anayekaa daka moja, kibaraza kimoja cha mlangoni, na mumeo, na Lamu hiyo yenu vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, neno litapita wapi lisimgonge mtu? Kule Telegram tangu mwisho wa 2021 unaweza kuyafunika maneno, mtu asiyetaka kujua hayaoni mpaka ayaguse mwenyewe. WhatsApp muwekeane utaratibu, mwambieni admini kila mtu aseme kwanza amefika wapi kabla hajafungua mdomo.

Na mkisema mmefika wapi msitumie namba, hapa ndipo watu wengi mnagombana bure. Kule Uturuki kwenyewe episodi hutoka mara moja kwa wiki na inakwenda saa mbili na zaidi. Ikiuzwa nje wanaikatakata vipande vya dakika 45 hivi. Kwa hiyo wewe uliyeifuata YouTube nzima nzima na maandishi ya Kiingereza chini, ya 20 yako kwa mumeo mwenye ya Kiswahili kwenye runinga inaweza kuwa ya 50 na kitu. Mtu anaandika "nimefika 20 jamani mtoto amepatikana", mwenzake yuko 40 mtoto bado amepotea, anadhani ametaniwa. Semeni tukio, "nimefika pale harusini", basi.

Sasa mumeo. Kusi limeshika, bahari imechafuka, hizi siku yuko nyumbani zaidi ya kawaida, na mwanaume wa bahari akikaa ndani na kinyongo nyumba inakuwa ndogo. Usimpikie biriani ndiyo useme, atajua ni rushwa. Mngoje amalize isha, watoto wamelala, kaa chini useme kwa mdomo wako mwenyewe: niliangalia bila wewe, nikaimaliza, nikaogopa kukwambia, na yale machozi yalikuwa ya kuigiza, nisamehe. Lile la machozi lazima ulitaje kwa jina, ukilirukaruka hujasema kitu. Na la Malindi umwambie pia, kabla jamaa mwingine wa Mkunguni hajapata maneno ya kuongezea. Atanuna siku nyingine moja mbili. Muache.

Ila naye nina neno lake, na kama anasoma kwa bega lako mpe simu asome vizuri. Nahodha, dini yetu imetwambia si halali kumhama nduguyo zaidi ya siku tatu, na huyu si ndugu tu, ni mkeo na mama wa watoto wako, wewe uko wiki. Umeumia, nakubali, na kuambiwa barazani kunauma mara mbili. Lakini umewahi kumuuliza hizo siku tano za bahari yeye anazimalizaje? Unarudi unataka ukute hadithi imesimama palepale ulipoiacha, na mke naye amesimama palepale. Hilo hata wewe unalijua haliwezekani, wewe mwenyewe huko baharini mna stori zenu na vijana wako ambazo yeye hazisikii.

Hiyo tamthilia ya kaka mkubwa iacheni. Akitaka kuimalizia aimalizie mwenyewe na wewe kaa naye ushone au umenye vitunguu, usijifanye huijui, na akikuuliza "anapona?" mtazame tu mato usimjibu. Halafu chagueni mpya ambayo hamjaiona nyote, iwe ya runinga tu, ya Kiswahili, isiyo kwenye YouTube ukaikuta usiku ukashawishika, maana nakujua. Akiwa baharini wewe una grupu yako na tamthilia zako nyingine zote unazotaka, ila hiyo moja inamngoja. Simu zenu mbili mkaziweke jikoni kwenye chaji. Ukishatia kahawa mwambie "ndoo", yaani njoo.

Na huko kwenye grupu yenu nimesikia mnaiongelea sana ile nyingine ya msichana na mwenye kiwanda. Msinitumie chochote, mimi bado niko pale anapokataliwa mlangoni na mama mkwe. Pale pa runinga, si pa YouTube.