Baba alipona kifua, tumbo ndio likamuua. Ni korona kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi niko Ubaruku, Mbarali. Baba yetu alikua na sukari, 2021 akaugua korona, kifua kikatulia, hafu kama wiki mbili baadae tumbo likamshika ghafla mpaka analia. Zahanati wakasema taifodi, akachomwa sindano ya maumivu tukarudi nyumbani. Kesho yake anaharisha damu, tukakodi gari mpaka Mbeya mjini, wakampasua wakakuta utumbo umeoza, usiku ule ule akafariki. Waliandika damu iliganda kwenye mshipa wa utumbo sababu ya korona. Ndugu wanasema karogwa, eti korona ni ya mapafu tu. Nieleze dokta.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na hilo la ndugu: baba yako hakurogwa. Kirusi cha korona kinaingia mwilini kwa kushika kitu kinaitwa ACE2, na hicho kipo kwenye mapafu lakini pia kwenye utumbo na kwenye mishipa ya damu, sasa ukuta wa mshipa ukishaumia kwa ndani damu inaanza kuganda hovyo. Mara nyingi mabonge yanakaa miguuni au kwenye mapafu, ya utumbo ni machache lakini yapo, na mwenye sukari, presha au mapigo ya moyo yasiyoeleweka yuko hatarini zaidi. Hata kikohozi kikiisha damu inaweza kubaki na tabia hiyo kwa wiki kadhaa, ndio maana baba alishaonekana kapona.

Wewe wa Mbarali unajua mfereji mkuu ukiziba majaruba ya mbele yanakauka hata kama mto umejaa. Utumbo mwembamba unategemea mshipa mmoja mkubwa, ukiziba unaanza kufa ndani ya masaa, sio siku.

Na hapa ndipo wengi tunakosea, hata sisi wa makoti meupe: mwanzoni mgonjwa anaumia vibaya sana lakini ukimbonyeza tumbo ni laini, halionyeshi kitu, kwa hiyo anaambiwa taifodi au vidonda vya tumbo. Kile kipimo cha taifodi kinachoitwa Widali kinaweza kusoma positivu hata kwa mtu ambae hana taifodi kabisa. Tumbo likishakaza au damu ikianza kutoka chini, ujue tumeshachelewa. Kinachoonyesha ni CT scan ya mishipa yenye kuchomwa dawa ya rangi, hafu mgonjwa anaanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, bonge linatolewa au kipande kilichokufa kinakatwa, na wanaowahi wapo wanaopona.

Korona haijaisha, Shirika la Afya Duniani lilichotangaza Mei 2023 ni mwisho wa dharura tu. Kwa hiyo tumbo likimshika mtu ghafla namna ile, sema palepale zahanati kwamba aliumwa korona juzijuzi na muombe rufaa saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi, na aspirini msijipe wenyewe. Ile karatasi ya hospitali itunze, wasomee ndugu. Na nyinyi watoto wake nendeni mkapime sukari, maana inatembea kwenye familia.