Nikitoa Windows ku laptopu mpya, garanti inakufa?

Tangu niseme hapa kama natumia Ubuntu kila siku (ni Linux, sistemu ya bure yenye inashika nafasi ya Windows), maswali yenye munanituma karibu yote iko paka juu ya kitu kimoja: garanti. Na naelewa, juu hapa Lubumbashi muntu ananunua laptopu na feza ya miezi mingi, haiko kitu cha kucheza nacho. Nachukua tano leo.

"Yaya, niko polytechnique ku UNILU (iniversite ya Lubumbashi), nimenunua laptopu mpya mu mujini, Windows 11 ndani, garanti mwaka moja. Nataka kuweka Ubuntu, lakini muuzaji anasema siku nitatoa Windows garanti njo imekufa. Ni kweli?" (mwanafunzi, Kampemba)

Mudogo wangu, hapana, lakini usiende kumugombeza mbele ya kusoma karatasi yenye alikupa. Garanti ya mutengenezaji ni ya chuma: ekrani, klavye, kadi mama, batri, shajere, kimoja kikifa bila wewe kuangusha mashini wala kumwagia maji, wao njo wanatengeneza. Programu kwa kawaida haiko ndani ya ile garanti. Hata Windows yenyewe ikiharibika, kile watafanya mara mingi ni kukurudishia mashini namna ilitoka ku kiwanda, basi. Na uangalie vizuri: Dell ilianza kuuza laptopu ya XPS 13 na Ubuntu ndani mu 2012, Lenovo ikatoa ThinkPad na Fedora, Linux ingine, mu 2020, chuma ni kile kile cha wenye wananunua na Windows, sasa Ubuntu itauaje garanti ya kampuni yenye inauza Ubuntu?

Marekani kuko sheria ya 1975, inaitwa Magnuson-Moss, inakataza kampuni kusema garanti yake inakufa paka juu umetumia kitu cha mwengine. Kama inakataa kutengeneza, ionyeshe kwamba hicho kitu njo kimeharibu. Ile sheria haifike hapa kwetu, ni kweli. Lakini na sisi tuko na ya kwetu, na watu wengi hawaijue: dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ile ya kitabu cha tatu cha kode sivili, inasema muuzaji anabeba kasoro zenye zilijificha ndani ya kitu siku alikiuza. Haisemi kitu juu ya Windows. Kama kadi mama ilikuwa na ugonjwa tangu kiwandani, ilikuwa nao na Windows, itakuwa nao na Ubuntu.

Shida iko fasi ingine. Siku mashini itakufa, wewe njo utasimama mbele ya kontware kueleza, na mwenye kukupokea anaweza kuwa hajaona Linux hata siku moja. Donki usifute kitu mbele ya kujipanga. Tafuta disiki ya inje, chukua Clonezilla, programu ya bure ya kukopia disiki, piga kopi ya disiki nzima namna ilitoka dukani, uweke ile kopi mbali. Ao kama feza iko na mashini yako inafunguka vizuri, nunua SSD (disiki ya ndani) ya pili, weka Ubuntu ndani yake, ile ya Windows uifunge mu karatasi uiweke mu kabati. Mimi njo nafanya hivyo. Na kitu kimoja chenye kimeliza watu: Windows 11 mara mingi inafunga disiki yenyewe na BitLocker, kufuli ya Windows, bila kukuambia. Mbele ya kugusa BIOS (programu ndogo yenye inaamusha mashini), ingia mu konti yako ya Microsoft, andika ile namba ya kufungua, ya tarakimu 48, ku karatasi. Bila ile namba, Windows inaweza kukatala kufunguka, na bintu byako biko ndani.

"Shajere haiingize tena moto ku mashini, na niliisha weka Linux. Niipeleke hivyo hivyo ao nirudishe Windows kwanza?" (mama moja, Bel-Air)

Mama, rudisha kwanza. Najua haiko haki, juu kitundu cha shajere hakijue ni sistemu gani iko ndani. Lakini ilinifikia mimi mwenyewe, kitundu kile kile. Nilipeleka mashini, wakawasha, wakaona ekrani yenye hawajazoea, wakasema "umeharibu na programu", ikarudi nyumbani namna ilienda. Nikavuta SSD ya Ubuntu, nikarudisha ile ya Windows, nikarudi kisha siku mbili ku kontware ile ile, wakaipokea bila neno. Bibaya sana, lakini mimi nilitaka mashini yangu ipone, na ikapona.

Kama batri imebaki kidogo na huwezi kurudisha Windows, waombe wapime chuma bila kuingia mu sistemu. Laptopu mingi za HP unafinya F2 wakati inawaka, za Dell F12, kunakuja vipimo byenye viko ndani ya mashini yenyewe, vinapima batri, memori, disiki, na vinatoa kode ya kosa. Piga foto ya ile kode. Fundi anaweza kubishana na wewe, lakini ile kode imetoka ku mashini yao. Na mbele ya kuacha laptopu kwa watu, toa bintu byako bya siri, mama, foto za familia na karatasi za banki, hata kama unawaamini.

"Nilifuta Windows yote mwaka jana, sikupiga kopi. Lisansi imepotea?" (kijana wa Katuba)

Haijapotea. Tangu Windows 8 ya 2012, mashini zenye zilitoka kiwandani na Windows ziko na funguo ndani ya chip ya BIOS, haiko ku disiki. Chukua kle ya USB ya GB 8, daunilodi Windows ku tovuti ya Microsoft, ingiza edisheni ile ile yenye ilikuwa, Home ni Home, Pro ni Pro, ikipata intaneti itajifungua yenyewe. Chenye kimepotea ni vile viprogramu vya kampuni yenye ilitengeneza mashini, na vingi unavipata ku tovuti yao.

"Kaka, lakini Linux yenyewe inaweza kuua mashini? Fundi wetu anasema ndiyo." (kijana wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Fundi wenu hajadanganya kabisa. Mwanzo wa 2013 kulikuwa laptopu fulani za Samsung zenye zilikufa kwa kuwashwa tu na Linux mu UEFI (BIOS ya kisasa), na Desemba 2017 Ubuntu 17.10 ilitolewa ku tovuti juu draiva (programu yenye inaendesha chuma) moja ya Intel ilikuwa inaharibu BIOS ya laptopu fulani, nyingi za Lenovo. Zote mbili zilirekebishwa. Ni mambo ya mara chache sana, lakini yalifika, na pale kampuni inaweza kweli kusema sistemu yako njo imeleta. Kwa hiyo usichukue toleo lenye limetoka jana, chukua LTS, ile yenye inapata apdeti miaka mingi, na uiwashe kwanza toka ku kle ya USB bila kuingiza. Jaribu wifi, sauti, kamera. Jaribu na klavye, juu mashini za Dubai zinakuja na QWERTY, mupango wa herufi wa Kiingereza, na sisi vidole vyetu viko AZERTY, ule wa Kifaransa.

Na kwa wale watatu wameniuliza juu ya mashini za Dubai zenye zinapitia Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia: kabla ya kuogopa Linux, ingiza namba ya seri ku tovuti ya mutengenezaji, uone garanti iko ya inchi gani na inaisha lini. Garanti zingine zinatembea paka fasi mashini iliuzwa. Kama ni hivyo, chenye uko nacho ni neno la muuzaji wako, basi aliandike ku fakture, na sinyatire, na tarehe.

"Mimi niko na mashini ya zamani, Windows 10, garanti iliisha kitambo." (papa wa Ruashi)

Papa, hapo hakuna garanti ya kuogopea. Windows 10 iliisha kupata apdeti za bure za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kama mashini haina TPM 2.0 (chip ya usalama), Microsoft haiipokee ku Windows 11. Piga kopi ya bintu byako, uweke Linux. Nitumie tu jina la kadi ya wifi, iko ku Device Manager, niangalie kama itatembea bila shida mbele hujaanza.