Vichupo si kabati: mafunzo ya kivinjari kwa anayeanza kazi

Anayeanza kazi ya mtandaoni utamtambua kwa safu ya vichupo (tabs) vyake. Vimebanana juu ya dirisha hadi majina hayasomeki, na mwenyewe anabofya kimoja kimoja akitafuta ukurasa alioufungua asubuhi. Ukimuuliza kwa nini havifungi, atakwambia anaogopa kuvipoteza. Hofu hiyo ndiyo inayokula muda wake, maana kivinjari kinakumbuka karibu kila ulikopita. Kilichobaki ni wewe kujua namna ya kukiuliza.

Anza na Ctrl+Shift+T. Inarudisha kichupo ulichokifunga mwisho, pamoja na njia yake ya nyuma, kwa hiyo mshale wa kurudi bado unafanya kazi. Ukibonyeza tena, kinakuja kilichofungwa kabla yake. Kwenye Chrome na Edge, hata dirisha zima ulilolifunga kwa bahati mbaya hurudi hivyohivyo na vichupo vyake vyote. (Kwenye Mac, weka Cmd mahali pa Ctrl kwa mengi ya yatakayotajwa hapa.) Ukishaizoea, mkono hautasita tena kufunga. Mipaka yake ni miwili. Vichupo vya hali fiche (dirisha la faragha lisilohifadhi historia) usivitegemee: dirisha lake likishafungwa, havirudi kamwe. Na maandishi uliyokuwa umeyajaza kwenye fomu usiyategemee: mara yanarudi, mara hayarudi. Maelezo yanayozidi aya moja yaandike kwanza kwenye programu ya kuandikia, kisha uyabandike. Ukibandika kwa Ctrl+Shift+V, maneno huja matupu bila rangi wala ukubwa wa herufi za kule yalikotoka.

Tahadhari ndogo: Ctrl+W inafunga kichupo, na jirani yake kwenye kibodi ni Q. Kwenye Mac, Cmd+Q inafunga kivinjari kizima. Chrome na Firefox zote zina mpangilio wa kukuuliza kwanza kabla ya kufunga, uwashe leo.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni upau wa anwani. Ctrl+L inakupeleka humo bila kugusa kipanya, na anwani iliyopo inakuwa tayari imechaguliwa, kwa hiyo unaandika moja kwa moja. Wengi huandika humo jina la tovuti, wanapelekwa kwenye matokeo ya utafutaji, kisha wanabofya la kwanza. Hizo ni hatua tatu kufika mahali palipohitaji moja, tena zina hatari: juu ya matokeo hukaa matangazo, na tangazo la tapeli linaweza kufanana sana na tovuti unayoitaka.

Tuseme juzi ulisoma ukurasa wa kanuni za likizo katika tovuti ya ndani ya ofisi. Anwani huikumbuki, na kichwa chake unakikumbuka nusunusu. Bonyeza Ctrl+L, andika likizo kanuni, usibonyeze Enter. Kivinjari kinalinganisha maneno hayo na vichwa na anwani za kurasa ulizokwisha kuzitembelea, na mpangilio wa maneno haujalishi sana. Orodha ikishuka, teremka kwa mshale wa chini hadi ukurasa wako, halafu Enter. Ukibonyeza Alt+Enter badala yake, unafunguka kwenye kichupo kipya na ule uliokuwa unausoma unabaki palepale. Pendekezo la zamani lisilofaa likikusumbua, literemkie na ubonyeze Shift+Delete, litaondoka.

Firefox ina alama za kubana utafutaji humo humo: ukiandika ^ na nafasi kabla ya neno, unatafuta ndani ya historia tu, * ni kwa alamisho (kurasa ulizozihifadhi ili uzirudie), % ni kwa vichupo vilivyo wazi. Chrome ya Kiingereza hutumia @history, @bookmarks na @tabs kwa kazi hiyohiyo. Alama ya vichupo ndiyo yenye faida kubwa kwa yule wa vichupo arobaini: andika neno moja la kichwa na uruke hadi kilipo.

Historia nayo ina ukomo. Chrome huonyesha ya siku 90 tu. Kwa hiyo ukurasa utakaouhitaji baada ya miezi sita uwekee alamisho, Ctrl+D. Hapo hapo kidirisha kinapotokea, badilisha jina. Vichwa vya kurasa nyingi huanza na jina refu la taasisi, na alamisho kumi zinazoanza kwa maneno yaleyale hazikusaidii. Andika neno ambalo wewe ungelitafuta: fomu ya mkopo, ratiba, bei za usafiri. Zile unazozifungua kila siku zipange kwenye upau wa alamisho, unaoonekana au kufichwa kwa Ctrl+Shift+B, na ufute majina yake kabisa. Alama ya tovuti inatosha kuitambulisha, na nafasi ya moja inaingia tano. Za kazi moja ziweke kwenye folda. Ukiibofya folda hiyo kwa gurudumu la kipanya, zote zinafunguka kwa mpigo.

Kosa la kawaida hapa ni kuwekea alamisho ukurasa wa katikati ya shughuli, kwa mfano hatua ya tatu ya fomu au ukurasa uliofika baada ya kuingia kwenye akaunti. Kesho utaambiwa muda umekwisha, au utaona hitilafu isiyoeleweka. Wekea alamisho mlango wa kuingilia.

Kwenye usomaji wenyewe, kiungo kibofye kwa gurudumu la kipanya au ukiwa umeshikilia Ctrl, kifunguke nyuma huku wewe ukiendelea na orodha. Ongeza Shift juu ya Ctrl ukitaka kuhamia huko papo hapo. Ndani ya ukurasa mrefu, Ctrl+F. Enter inakupeleka neno lilipotokea tena, Shift+Enter inakurudisha. Kwa maandishi ya Kiswahili usiandike neno zima, andika kiini chake. Ukitafuta malipo, utapakosa pale palipoandikwa kulipa, wamelipia na yatalipwa. Ukiandika lip, yote yanakamatwa, pamoja na machache usiyoyataka. Neno likikosekana kabisa ilhali unaliona kwa macho, huenda hati ni picha iliyochanganuliwa (scan), isiyo na maandishi ndani yake. Au ukurasa ni wa aina inayopakia sehemu zake kadiri unavyosogeza chini. Sogeza hadi mwisho kwanza, ndipo utafute.

Kompyuta ikiwa nzito, usibahatishe. Kwenye Chrome na Edge bonyeza Shift+Esc, utaona orodha ya vichupo na viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ambacho kila kimoja kimekula. Kwenye Firefox andika about:processes kwenye upau wa anwani. Panga kwa safu ya kumbukumbu, kikubwa kiwe juu. Mara nyingi mkosaji ni kichupo kimoja cha video au ramani kilichosahaulika, au kiendelezi kilichowekwa siku moja kwa kazi ya dakika tano. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye diski, nayo diski ni ya polepole zaidi. Ndiyo maana hata programu zisizo za mtandao zinakwama. Kuna pia mpangilio wa kuokoa kumbukumbu unaolaza vichupo visivyotumika. Ni mzuri, ila kichupo kilicholala hupakia upya unapokirudia, kwa hiyo tovuti za kazi ziandike kwenye orodha ya zisizolazwa.

Viendelezi viwe vichache. Kinachoomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako katika tovuti zote kinamaanisha hivyo hasa, hata ukurasa wa benki ukiwamo.

Kinachowasumbua wageni kuliko yote ni ukurasa unaogoma: kitufe cha kutuma hakifanyi kitu, au picha za zamani hazibadiliki. Wengi hukimbilia kufuta kila kitu kwenye data ya kuvinjari. Matokeo yake wanatolewa kwenye akaunti zote, na ukurasa bado umegoma. Fuata mpangilio huu, na usimame pale tatizo linapokwisha.

Kwanza Ctrl+R. Isipofaa, Ctrl+Shift+R, ambayo kwenye Chrome, Edge na Firefox inapuuza nakala zilizohifadhiwa kwenye kompyuta na kuleta mpya kutoka kwenye seva. Picha au mpangilio wa zamani mara nyingi huishia hapo. Kama bado, nakili anwani na uifungue katika hali fiche: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Dirisha hilo halina vidakuzi vyako vya kawaida (data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari ili zikutambue), na viendelezi havifanyi kazi humo isipokuwa umeviruhusu. Ukurasa ukifanya kazi humo, umeshajua kwamba tovuti ni nzima na kasoro iko upande wako. Zima viendelezi kimoja kimoja, ukianza na vya kuzuia matangazo. Visipokuwa na hatia, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ufute vidakuzi vya tovuti hiyo peke yake. Ukigoma hata katika hali fiche, jaribu kivinjari kingine. Ukigoma huko pia, shida ni ya mtandao au ya wenye tovuti. Unapoomba msaada, peleka anwani kamili, saa, maneno ya hitilafu kama yalivyo, na hatua ulizokwisha kuzijaribu. Anayekuja na neno moja tu, haifunguki, huambiwa aanze upya.

Hali fiche, kwa taarifa, haikufichi kwa mwajiri wala kwa kampuni inayokupa intaneti. Inaficha tu kwa anayekalia kompyuta hiyo baada yako.

Manenosiri yaachie kivinjari au programu ya kuyatunza, kwa sababu ambayo si uvivu: hujaza pale tu anwani inapolingana. Siku kisipojaza kama kawaida, usikimbilie kuandika kwa mkono. Tazama anwani, kati ya https:// na mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, na uisome kutoka kulia. Kwenye benki.com.example.net mwenye ukurasa ni example.net, hilo benki.com la mbele ni pambo ambalo yeyote anaweza kulibandika. Alama ya kufuli inasema mawasiliano yamefumbwa njiani, haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili.

Kazi na mambo yako binafsi vitenge kwa wasifu (profiles) mbili za kivinjari, kila moja na alamisho, historia na akaunti zake. Hapo upau wa anwani utaacha kukupendekezea matokeo ya mpira mbele ya mkuu wako wa kazi.

Sasisho likiwa tayari, kitufe kinatokea au kinabadilika rangi kwenye kona ya juu. Marekebisho ya usalama hayaanzi kufanya kazi mpaka kivinjari kiwashwe upya, kwa hiyo usikiache wiki nzima. Kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio ya uanzishaji na uchague kuendelea pale ulipoishia, vichupo virudi vyenyewe. Madirisha ya hali fiche hayamo katika hesabu hiyo. Kama kuna fomu humo, itume kwanza.