Virusi Havionekani, Lakini Havijaondoka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, majibu yametoka, virusi havionekani. Nguvu ninazo. Siwezi kupumzika dawa kidogo?" Nikausoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayo yaliwahi kuwa yangu.

Nilikuwa na miaka minne kwenye ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU). Karatasi ya majibu niliikunja nikaitia kwenye pochi kama cheti, na wiki hiyohiyo nikaacha dawa. Chupa niliiviringisha ndani ya soksi ili vidonge visigongane, nikaisukuma chini kabisa ya sanduku, mume wangu asije akasikia akauliza. Usingizi ukatulia, ndoto za ajabu zikaisha. Nikajiona mjanja.

Kumbe najisifu huku virusi vimesharudi. Kwa wengi ni wiki mbili hadi nne tu. Dawa huzuia virusi kuzaliana, lakini haivifikii vilivyojichimbia kwenye vinasaba vya seli za CD4, askari wa kinga ya mwili, zilizolala. Seli ikiamka wakati dawa haipo, vinaanza upya. Kuna mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na VVU, alikaa miezi 27 bila dawa, wengi wakaamini kapona. Mwaka 2014 virusi vikarudi. Na alikuwa mikononi mwa mabingwa!

Mwili wangu ulinyamaza hadi mwezi wa saba, mkanda wa jeshi uliponishika ubavuni. Muuguzi akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Si ulijiona umepona?" Vile vipele vilikauka, maneno yale bado yananiuma. Tena virusi vilikuwa vimeshakuwa sugu kwa dawa zangu za zamani. ARV ni mchanganyiko wa dawa, na ukiacha ghafla haziondoki mwilini zote kwa wakati mmoja. Ile inayochelewa hubaki peke yake, virusi vikaizoea.

Kwa hiyo mdogo wangu, meza dawa. Zikikuchosha, sema kliniki wakubadilishie, usijiamulie. Kujisikia vizuri si kipimo. Meza dawa. Na kama umeshaacha, rudi leo hii, hata kama watakufokea.

Mume wangu hana VVU. Dawa zangu ndizo zilizokuwa zikimkinga, na kwa miezi saba nililala naye nikiitegemea ile karatasi ya kwenye pochi. Siku alipokwenda kupima nilikaa kwenye benchi la nje. Alitoka, akanionyesha majibu: hana. Halafu akaniuliza chupa niliificha wapi.