Maswali ya wasomaji: Dakika nilizonunua zimeenda wapi?

Haya wapendwa, karibuni tena. Meseji za wiki hizi zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, mtu katoa hela yake, kapewa dakika au MB, na kabla hajageuka hazipo. Nimechagua tano, ambao hamjajibiwa msinune, nafasi ni ndogo.

SWALI: Mimi ni mama nauza viazi na ndizi soko la Mwanjelwa. Kila asubuhi nanunua bando la buku nipige simu kwa wakulima wangu wa Isyonje, na dereva wa fuso. Mwanangu anasema mama unaliwa, nunua la wiki. Ila la wiki naona ghali. Nani mkweli?

JIBU: Mama shikamoo. Mwanao ana akili, ila na wewe sio kwamba umekosea, ngoja nikuelezee. Chukua daftari lako lile la madeni, uandike siku saba unaongea dakika ngapi kweli, usikadirie. Tuseme umepata dakika kumi kwa siku. Bando lako la buku labda linakupa dakika 35, unatumia kumi, 25 zinakufa bila kutumika. Kwa wiki umetoa 7,000 umeongea dakika 70, yaani kila dakika imekugharimu shilingi mia. Sasa tuseme la wiki ni 4,000 linatoa dakika 120, hata ukizitupa 50 bado kila dakika imekuja kwenye 57 hivi. Hizo namba nimezitunga tu ili uone njia, weka za mtandao wako, njia ni ileile: gawanya hela uliyotoa kwa dakika ULIZOONGEA, sio zile zilizoandikwa kwenye menyu.

Najua utaniambia hiyo 4,000 ya Jumatatu inatoka wapi wakati mtaji wote uko kwenye magunia, na hapo ndo nasema hujakosea, mtu ananunua buku buku kwa sababu buku ndo iko mkononi. Jaribu kuweka pembeni 600 kila jioni ukifunga meza, ikifika wiki unayo ya kulipia kwa mkupuo na chenji inabaki.

Kingine mama na hiki ndo kinawamaliza wengi: hilo bando ni la mitandao yote au la mtandao wako tu? Wakulima wa kule milimani hawachagui mtandao kwa bei, wanachagua unaoshika. Kama Isyonje yote iko mtandao mwingine na wewe una dakika mia za ndani ya mtandao wako, hizo dakika ni za kumpigia shoga yako wa Kabwe tu, wakulima unawapigia kwa salio la kawaida ambalo ni moto. Bora dakika chache za mitandao yote, au laini ya pili ya mtandao wa wakulima wako.

Na usishangae buku ikionekana nyembamba, ndani yake kuna VAT na ushuru wa bidhaa, ukipiga hesabu zaidi ya robo ya kila buku sio ya kuongelea. Ile tozo ya laini iliyoanza 2021 ndo iliondolewa 2023, hiyo haipo tena.

SWALI: Naendesha bajaji Uyole. Nimekwangua vocha ya buku mbili kwa funguo, namba mbili zimetoka na karatasi. Muuzaji kanicheka tu. Ndo imekula kwangu?

JIBU: Haijala, ila umeitafuta mwenyewe kaka, funguo ya bajaji! Tumia ukucha au sarafu kwa ulaini. Hiyo vocha usiitupe na usianze kubahatisha namba, ukikosea mara nyingi unaweza kuzuiwa kuongeza salio kwa muda. Pembeni ya vocha kuna namba nyingine ndogo, ndo utambulisho wa hiyo karatasi, piga 100 uwasomee au nenda nayo duka la mtandao wenu. Siku nyingine angalia ule utando wa kijivu kabla hujatoa hela, ukiwa umechunika hata kidogo iache hapohapo. Ukishaingiza tu, cheki salio kwa *102# ukiwa bado umesimama dukani, sio ukifika Igawilo ndo unagundua. Na kwa nini ukwangue wakati una hela kwenye simu? Ukinunua muda wa maongezi kutoka kwenye akaunti yako ya simu hakuna cha kuchunika wala kuharibika.

SWALI: Niko Tunduma, duka langu liko karibu kabisa na mpaka. Naweka salio asubuhi, mchana limeisha na sijampigia mtu. Nimebadilisha laini mara mbili.

JIBU: Laini hazina kosa. Simu yako inavuka mpaka bila pasipoti! Minara ya Nakonde iko hapo pua na mdomo, ule wa kwetu ukilegea kidogo simu inadaka wa Zambia na unahesabiwa uko nje ya nchi, intaneti ikiwa imewashwa bei zake wee acha. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao wa simu, zima roming ya data, halafu pale kwenye kuchagua mtandao toa ile ya kujichagulia yenyewe, chagua mtandao wako kwa mkono. Wenzetu wa Kasumulu, mpakani na Malawi, fanyeni hivyohivyo. Ukisafiri kwenda sehemu nyingine ukaona simu haishiki, kumbuka kurudisha, usije ukanitukana.

SWALI: Kamwene! Nasoma chuo Iringa. Kaka yangu yuko Marekani, ananunua kadi za kupiga simu nje. Kadi inaandika dakika kibao za Tanzania, tunaongea kidogo inakata. Tunaibiwa?

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Inawezekana mnaibiwa na inawezekana ni maandishi madogo ya nyuma ya kadi, vyote vipo. Kadi hizo unalipia kwanza, unapiga namba ya kuingilia, unaingiza namba ya siri, ndo unapiga huku. Zile dakika za kwenye tangazo mara nyingi ni za simu moja ndefu isiyokatika, ukikata ukapiga tena wanahesabu upya. Kuna ada ya kuunganisha kila unapopiga, kuna ya matunzo inayonyofoa salio kila wiki hata kadi ikiwa imelala kwenye droo, na kuna kukuza dakika, umeongea dakika moja na sekunde tano unaandikiwa mbili, na wengine wanakuza kwa mafungu ya dakika tatu. Halafu bei ya tangazo inaweza kuwa ya kupigia simu za mezani, na huku kwetu nani ana simu ya mezani? Kupigia mkononi bei ni nyingine.

Wizi wenyewe nao upo. Mwaka 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipeleka mahakamani wauzaji wa hizi kadi kwa sababu dakika walizokuwa wanatoa zilikuwa pungufu ya walizotangaza. Mwambie kaka anunue ya bei ndogo kabisa kwanza, apige, aangalie saa alinganishe na ile sauti inayomtajia dakika mwanzoni. Asome ada na tarehe ya kuisha kabla ya kulipa, kama hazijaandikwa popote aachane nayo. Ila mi kwa maoni yangu, wote mna simu janja, aweke intaneti yeye na wewe uweke kabando hapo, mpigiane kwa WhatsApp, kadi ibaki kwa ajili ya bibi mwenye simu ya kitochi.

SWALI: Bando langu la GB linaisha siku moja, na mtandao wenyewe huku Makete unasuasua. Nihame? Namba yangu wanayo wateja wote wa mbao.

JIBU: Hama na namba yako, inaruhusiwa tangu Machi 2017. Nenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao unaoutaka, utatuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo toa hela yote kwenye akaunti ya simu ya zamani, lipa salio ulilokopa, na maliza bando maana halihami na wewe. Na usihame kwa sababu ya bei za bango la pale stendi, azima laini ya jirani ukae nayo siku mbili ukiwa shambani na nyumbani uone inashikaje.

Kuhusu GB kuisha, ya kwangu iliisha nikiwa kwenye basi, nimepanda Mbeya kufika Mafinga hakuna kitu, kumbe simu ilikuwa inajisasishia programu zake na video za kwenye magrupu zinajishusha zenyewe moja baada ya nyingine. Zima vyote viwili, viache visubiri waifai. Kwa kanuni za 2021 za TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, unatakiwa upate meseji ukifikisha asilimia 75 ya bando na likiisha kabisa, na usihamishiwe kwenye bei ya nje ya bando bila kukubali mwenyewe, kwa hiyo ile meseji ya kuuliza usiifute kwa mazoea kama ya matangazo, isome uchague kutoendelea. Ukilalamika kwa mtandao wako wakakuzungusha, andika tarehe na saa uliyopiga, piga picha meseji, upeleke TCRA ofisi ya Kanda, iko Mbeya mjini.