Maswali na Majibu: Betri ya helikopta ndogo ikifa, uweke ipi?

Maswali mengi safari hii yanatoka kwa wenye helikopta ndogo za rimoti ambao betri ya awali imewafia mkononi na iliyopatikana si sawa na ile. Nimeyapanga kufuatana na makosa ninayoyaona mara kwa mara.

Yangu ilikuja na betri ya 3.7 V. Nimepata ya 7.4 V inayoenea vizuri kabisa. Si itaruka kwa nguvu zaidi?

Itaruka kwa nguvu zaidi kwa muda mfupi, kisha huenda isiruke tena. Seli moja ya lipo (betri ya lithiamu-polima, aina inayotumika kwenye helikopta hizi) ni volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Hiyo ya 7.4 ni seli mbili zilizofuatana, zikijaa zinafika 8.4. Mota hukimbia kadiri ya volti unazoipa, na vimota vya brashi (vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme) vilivyotengenezewa seli moja huunguza brashi upesi ukiviongezea mara mbili. Saketi nayo inaweza kutangulia kuungua hata kabla ya mota. Tazama lebo: 1S ni seli moja, 2S ni mbili. Idadi hiyo haibadilishwi ila pale maelezo ya helikopta yenyewe yanaporuhusu.

Utakutana pia na betri zilizoandikwa 3.8 V, zile zinazochajiwa hadi 4.35. Ukiichaji kwa chaja ya kawaida itaishia 4.2, haidhuriki, ila haijai yote. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: usiipeleke lipo ya kawaida hadi 4.35.

Nikitoa betri ya 150 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) nikaweka ya 300, nitaruka muda mara mbili?

Hili ndilo linalowakwaza wengi, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme helikopta yako inakula wastani wa ampea 1.5. Betri ya 150 mAh ni ampea-saa 0.15. Gawa kwa 1.5, unapata saa 0.1, yaani dakika 6. Bakiza asilimia 20 ili usiikaushe betri, unabaki na dakika kama 5 hivi. Hadi hapo mtu atasema: basi 300 ni dakika 10.

Kinachosahaulika ni uzito. Helikopta haina mabawa ya kuegemea hewa kama ndege. Kila gramu inabebwa na mota kuanzia inapoondoka sakafuni hadi inapotua. Betri ya 150 mAh ina gramu 4 au 5 hivi. Ya 300 ina karibu mara mbili, na kwa kifaa cha gramu 30 na kitu huo ni mzigo. Sasa mota inakula zaidi ya ile 1.5 kwa kuelea tu, na ukitaka kujinasua unapokaribia ukuta, nguvu ya akiba huikuti.

Mimi mwenyewe niliwahi kuisukumiza betri nene kwenye kikapu cha mbele. Pua ikainama, helikopta ikawa haitulii mahali pamoja, inakwenda mbele tu kama mbuzi aliyekata kamba, nami nimevuta kijiti cha rimoti nyuma muda wote. Tangu siku ile napima kwanza: funga betri mahali pake, geuza mapanga yakae kushoto na kulia, kisha shika mashina yake kwa vidole viwili na uinue. Mwili ukae sawa, au pua ishuke kidogo tu. Ukiinama sana, sogeza betri nyuma. Ikiwa haisogei, hiyo betri si yako.

Na ukiona ya 300 ina uzito uleule wa 150, lebo inadanganya. Kwa lebo za betri ndogo naamini mizani kuliko maandishi.

Hii "25C" ni nini?

Ni kasi ambayo betri inaweza kutoa umeme. Zidisha: ampea-saa 0.15 mara 25 ni ampea 3.75. C ikiwa ndogo mno, volti huanguka ukiongeza nguvu, na betri hutoka ya moto. C kubwa haiunguzi mota, kwa kuwa mota huchukua inachohitaji tu.

Plagi inaingia, lakini waya mwekundu uko upande wa pili. Nichomeke?

Usichomeke. Umbo la plagi halikuhakikishii chanya iko wapi, na watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja. Pima kwa multimita pande zote mbili. Kama zimepishana, nyanyua kilimi cha plastiki kwenye plagi kwa ncha ya sindano, vuta waya mmoja, ufunike kwa tepu papo hapo, ndipo uguse wa pili. Wala usizikate nyaya mbili kwa mkasi kwa mkupuo mmoja: bati la mkasi litaziunganisha, na utaona cheche.

Nina chaja ya zamani ya betri za nikeli. Itafaa?

Haifai. Chaja ya lipo hukoma kwenye 4.2 V kwa kila seli. Ya nikeli haijui mpaka huo, na lipo iliyozidishwa chaji huweza kushika moto. Kwa 150 mAh, chaji kwa ampea 0.15, na usiondoke ukaiacha peke yake.

Betri imevimba kidogo ila bado inarusha. Niendelee?

Istaafishe leo. Usiitoboe wala kuibana irudi bapa, na usiichaji tena. Ipeleke panapopokelewa betri mbovu. Nyingi huvimba kwa kukaushwa chini ya volti 3, au kwa kuwekwa zimejaa wiki nzima. Mpya utakayonunua, kama huirushi kwa siku kadhaa, iache kwenye 3.8 V hivi.